Mkono Niliounyoosha Mbele ya Mkaguzi

Wiki chache zilizopita mjukuu wangu alijifungua, na jirani yetu mmoja akaja kumkanda. Alikuja na chupa ya mafuta ya nyonyo, akayamimina kwenye kibakuli na kukiweka juu ya majivu ya moto. Harufu ikajaa chumbani, nzito, kama ya mbegu zilizokaangwa zikasahauliwa. Ninyi wa rika langu mnaijua, na pengine inawakumbusha mama zenu. Mimi nilinyanyuka nikatoka nje, nikasingizia moshi, nikakaa barazani kama mtoto aliyekamatwa.

Kwangu mimi hiyo ni harufu ya miguu ya Bi Faida.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mmeru aliyeacha migomba ya baba yake kule juu ya Usa River akaja mjini Arusha kushona kwenye baraza la duka la Mhindi. Tulipanga chumba kimoja uani kwa Bi Faida, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa madebe yaliyonyooshwa. Tulikuwa Walutheri katikati ya mtaa wa Waislamu, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha kubabaisha, lakini Bi Faida hakutufanya wageni hata siku moja. Mumewe, aliyekuwa askari wakati wa Mjerumani, alikuwa ameshakufa. Alibaki na mjukuu mmoja, Zaina, yatima, aliyenizidi miezi michache tu. Sisi wasichana wawili tulikuwa darasa moja katika shule ya serikali. Tulikwenda pamoja, tukarudi pamoja, na mtu akimpiga mmoja wetu alijua amewapiga wawili.

Mtaani Bi Faida alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa mtu wa Pangani, hivyo ndivyo alivyosema na ndivyo kila mtu alivyojua, na Kiswahili chake kilikuwa laini kiasi kwamba wanawake wa bara waliona haya kuongea mbele yake. Mwanamke akifa katika mtaa wetu, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha. Alikuwa na ndoo yake na kata yake ya kifuu, vitu ambavyo hakuna aliyevigusa. Nilimwona akipita na ndoo ile kichwani kwenda msibani, na wanaume waliokaa njiani walikuwa wakinyamaza mpaka apite.

Miezi ya baridi, mlima ukiwa umejifunika ukungu wiki nzima, miguu yake ilimuuma. Alasiri Zaina alipokuwa chuoni akisoma Kurani, mimi ndiye niliyeitwa. "Njoo, Mmeru wangu, nishikie miguu hii." Nilipasha mafuta nikamkanda kuanzia magotini kushuka chini. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto alikuwa na kovu lililozunguka pande zote, ngozi yake nyororo na nyeupe kidogo kuliko mahali pengine. Nilidhani ni alama ya kikuku.

Siku moja nikamuuliza, "Bibi, kikuku chako kilikuwa kinabana sana?"

Akacheka. Halafu akatazama mlangoni, akasema, "Hakikuwa kikuku. Ilikuwa mnyororo."

Aliniambia yote bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayehesabu nguo anazofua. Alikuwa mdogo kuliko mimi, akilinda ndege kwenye mtama wa mama yake, mahali asipopajua jina. Watu wakatokea wakamchukua. Walitembea mwezi baada ya mwezi. Wakati fulani alifungwa mguu wake na mguu wa msichana mwingine, na yule msichana alipokufa alimburuta kipande cha njia kabla mtu hajaja kufungua. Pangani akauzwa katika nyumba ya mtu mmoja, na hapo ndipo alipopewa jina la Faida. Jina aliloitwa na mama yake alikuwa amelisahau.

"Usimwambie mtu," alisema. "Hata Zaina."

"Kwa nini hata Zaina?"

"Zaina ana bibi mtu wa Pangani. Mwache awe naye."

Nilimwahidi. Sijui kwa nini aliniambia mimi. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa mtoto wa watu wengine, na mikono yangu ilikuwa palepale juu ya kovu.

Mwaka ule tulipata mwalimu mpya, Mwalimu Anaeli, kijana mwembamba aliyetoka masomoni na kitabu kinene cha Kiingereza alichokifunga kwa kitambaa kama Biblia. Alipofika kwenye somo la utumwa hakutusomea tu ubaoni kama walimu wengine. Alisimama katikati yetu akasimulia. Alitueleza habari za misafara iliyopita nchini mwetu na pembe za ndovu, halafu akavuka bahari akatueleza habari za nchi ya Amerika, jinsi nusu yake ilivyotaka watumwa waachiwe na nusu nyingine ikakataa, na jinsi watu wa nchi moja, wenye lugha moja na dini moja, walivyouana kwa miaka minne kwa ajili ya jambo hilo. "Nchi ikagawanyika mara mbili," alisema, akapiga mstari wa chaki katikati ya ubao. Mimi, niliyezoea matetemeko yetu ya Meru, nilidhani ardhi yenyewe ilipasuka, watu wakabaki wakitazamana ng'ambo ya shimo. Nilikwenda nyumbani nikitazama chini nisije nikakanyaga ufa.

Na jambo la pili nililolielewa vibaya ni hili. Kanisani nilikuwa nimefundishwa kwamba wana wa Israeli walikuwa watumwa Misri, nao ndio waliopendwa na Mungu kuliko watu wote. Mwalimu Anaeli naye alipowataja watumwa sauti yake ilitetemeka, na mara moja alivua miwani akafuta macho. Nikaona kwamba kuwa mtumwa ni heshima, kama kuwa mtu wa kwenye Biblia. Nikawa natembea na siri ya Bi Faida kifuani kama mtu aliyebeba dhahabu.

Hivyo ndivyo nilivyojitetea kwa miaka mingi. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Habari zilikuja kwamba mkaguzi wa shule, Mwingereza, atatutembelea. Mwalimu Anaeli akatutungia mchezo wa ile vita ya Amerika. Darasa likagawanywa, upande wa dirishani ukawa kaskazini na upande wa ukutani ukawa kusini. Zaina, kwa sababu ya sauti yake, akachaguliwa kuwa jemadari wa kaskazini, msichana peke yake kati ya wavulana, na bua la muhindi begani. Mimi niliwekwa kuwa pamba. Tulikuwa pamba sita, tumechuchumaa kwa mstari na vitambaa vyeupe kichwani, na kazi yetu ilikuwa kuchumwa. Wiki mbili nzima nilichuchumaa nikimtazama Zaina akitoa amri, na Mwalimu akimwambia, "Vizuri sana, jemadari," na nikawa naomba bua lile limvunjikie begani. Sikuwa nimewahi kumwonea wivu. Sikujua hata kwamba ndio wivu.

Siku ya mkaguzi wazazi walialikwa. Walisimama nje ya madirisha, wanaume na kanzu zao na wanawake na kanga zao, karibu mtaa wetu wote. Bi Faida hakuja, miguu ilimuuma. Mama alikuwepo, amembeba mdogo wangu mgongoni.

Mchezo ulikwenda vizuri. Nilichumwa. Zaina alishinda vita, watu wakapiga makofi, na mkaguzi, mzee mwekundu mwenye kaptura na soksi ndefu, alisimama akatoa hotuba fupi ambayo Mwalimu aliifasiri. Alisema sisi ni watoto wenye bahati, kwa kuwa serikali imekwisha kuufuta utumwa katika nchi yetu. Halafu akauliza swali, na Mwalimu akasita kidogo kabla ya kulifasiri.

"Bwana Mkaguzi anauliza, je, yupo mtoto hapa anayemjua mtu aliyekuwa mtumwa?"

Watoto wakatazamana. Madirishani watu wazima wakatazama chini, na sasa najua kwa nini. Nilimtazama Zaina amesimama mbele na bua lake, amenyoosha kidevu, jasho la ushindi usoni. Nikanyoosha mkono.

"Simama useme," Mwalimu akaniambia.

Nikasimama na kitambaa changu cha pamba kichwani. "Ni Bibi yake Zaina," nikasema kwa sauti niliyotaka ifike mpaka nje. "Bi Faida. Alifungwa mnyororo. Ana kovu mguuni, mimi nimelishika."

Nilitazamia makofi. Nje, mwanamke mmoja akasema, "Lo!" na mwingine akacheka kwa pua. Nilimwona mama akiweka kiganja mdomoni. Zaina alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, halafu polepole akashusha lile bua kutoka begani, akaliegemeza ukutani.

Mkaguzi alifurahi mno. Alitaka kumwona Bi Faida palepale. Alikuwa na kamera ndani ya mkoba wa ngozi, na Mwalimu Anaeli, ambaye uso wake ulikuwa umebadilika, hakuweza kumkatalia. Tukaenda, mkaguzi mbele, Mwalimu nyuma yake, mimi nikiwa nimeshikwa mkono kama kiongozi wa safari, na nyuma yetu mtaa mzima. Mama alikuwa akiniita kwa Kimeru katikati ya watu. Sikugeuka.

Bi Faida alikuwa uani akipepeta mchele. Alipoona umati aliweka ungo chini, akasimama, akajitanda kanga. Alidhani kuna mtu amekufa.

"Nani?" aliuliza. "Ni nani amefiwa?"

Mwalimu akamwamkia shikamoo, akaanza kueleza. Alieleza kwa heshima yote, lakini maneno yalikuwa yaleyale. Bi Faida alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, akatazama pembeni.

Mkaguzi alimsimamisha mbele ya ukuta, akapiga picha. Halafu akasema jambo, na Mwalimu akaniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Anaomba aone kovu. Labda wewe umsaidie Bibi."

Niliinama. Mpaka leo sijui kwa nini niliinama, maana wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuelewa. Nilishika pindo la kanga yake pale chini. Bi Faida akaweka mguu wake wa kulia juu ya pindo, akalikanyaga, na mkono wake akauweka juu ya kichwa changu. Hakunisukuma. Aliuacha pale tu.

"Mwambie bwana wako," akamwambia Mwalimu, "picha ameshapata."

Siku nne baadaye mama mkwe wa mwenye bucha alifariki. Ilikuwa familia kubwa, watu wa asili ya pwani. Bi Faida hakungoja kuitwa, hakuwahi kungoja. Alichukua ndoo yake na kata yake akaenda. Mama alikuwa msibani akisaidia kuteka maji, na mimi nilikuwa nimemfuata mama kama kawaida yangu. Mlangoni binti wa marehemu alimpokea Bi Faida kwa adabu nyingi.

"Bibi, leo pumzika. Tumeshapata mtu."

"Mmempata nani?" Bi Faida aliuliza, akishangaa kwa kweli, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

Yule binti akatazama chini. Ndani, sauti ya mwanamke mzee ikasema, wala haikujaribu kunong'ona, "Mama yetu haoshwi na mjakazi."

Wanawake waliokuwa uani walisikia, na wengi wao mama zao, dada zao, watoto wao wachanga, walikuwa wamepita katika mikono ya Bi Faida. Hakuna aliyefungua mdomo. Mama yangu aliweka debe la maji chini akaondoka, na nilimwona analia kwa hasira, lakini yeye naye hakusema kitu. Alikuwa Mmeru, Mkristo, mpangaji. Bi Faida aliitua ndoo kutoka kichwani, akaibeba mkononi, akarudi nyumbani kwa njia ndefu ya nyuma.

Jioni ile mama alinichapa mpaka fimbo ikavunjika. Baba alisema inatosha, mama akasema haitoshi. Nilikuwa upande wa mama.

Zaina hakurudi shule. Hakuwa akinitukana wala kunikimbia. Nikitoka uani yeye aliingia ndani, basi. Tulikuwa tunaishi hatua kumi mlango kwa mlango, na ile nchi niliyoidhania imepasuka sasa niliiona kwa macho yangu. Shuleni wavulana walicheza kaskazini na kusini mapumzikoni, na kila aliyeshindwa aliitwa Bi Faida. Mwalimu Anaeli aliwachapa, na mchezo ukahamia njiani.

Wiki ya pili Bi Faida aliniita. Nilikwenda nikijua nitapigwa, na nilitaka nipigwe. Lakini alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameweka kibakuli cha mafuta juu ya majivu kama zamani.

"Kaa," alisema. "Niambie hilo somo lenu. Zaina hataki kunisimulia."

Nikamsimulia huku nikimkanda, nikiukwepa mguu wa kushoto. Nilimweleza habari za kaskazini na kusini, za pamba, za yule rais wao mrefu mwenye ndevu, za watu waliokufa kwa maelfu. Aliacha kupepesa macho.

"Walipigana wenyewe kwa wenyewe? Ndugu kwa ndugu? Kwa ajili ya watumwa?"

"Ndiyo, Bibi. Mwalimu ndivyo alivyosema."

Akauvuta mguu wa kushoto chini ya kanga. "Mimi siku niliyoachiwa hakukuwa na vita," alisema. "Bwana wa nyumba alikufa. Mkewe akaniambia, wewe nenda, serikali haitaki tena. Nikatoka nje nikakaa kizingitini kutwa nzima. Sikujua pa kwenda. Jioni akafungua mlango akanikuta, akanipa chakula, nikaingia tena kufua." Akacheka kidogo. "Hao wa Amerika, vita ilipokwisha, walikwenda wapi?"

"Mwalimu hakusema."

"Kamuulize."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema nisamehe. Neno lilikuwa mdomoni, lakini kumwomba msamaha ilikuwa ni kulitaja lile jambo, na yeye alikuwa ameniokoa nisilitaje. Nilishukuru kupewa kazi. Nikakimbia.

Mwalimu Anaeli nilimkuta peke yake darasani. Alinisikiliza, akafungua kitambaa, akatafuta kurasa nyingi, akarudi nyuma, akaenda mbele. Mwishowe akafunga kitabu. "Humu hawakuandika," alisema. Halafu, kwa sauti ambayo mwalimu hamsemeshi mwanafunzi, akaongeza, "Sikupaswa kulifasiri lile swali. Ningewaambia ninyi ameuliza habari za basi la saa nane, lolote lile."

Nilirudi na jibu hilo na kukuta lori limesimama nje ya nyumba. Bi Faida alikuwa amemuuzia nyumba mwenye bucha, na mizigo ilikuwa michache: sanduku, mikeka, sufuria. Zaina alikuwa ameshakaa juu ya mizigo, ametupa mgongo. Mama alikuwa ameshika mkono wa Bi Faida na hawezi kuuachia.

"Bibi," nikasema nikihema, "Mwalimu anasema hawakuandika walikokwenda."

"Eh," alisema Bi Faida. "Nilijua." Akanishika shavu kwa mkono unaonuka mafuta, akapandishwa juu. Walikwenda Kondoa, mama aliniambia baadaye, au mbali zaidi, mahali ambapo hakuna aliyewajua. Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia, na hata hapo sikusema lile neno.

Nilikua, nikawa mwalimu mimi mwenyewe. Nilifundisha shule nyingi, Sekei, Moshono, na vijijini juu ya mlima, na kila mwaka nilifika kwenye somo lile. Nilichora mstari ubaoni, nikalipitia harakaharaka. Mara moja mtoto mmoja aliniuliza kama hata hapa Arusha waliwahi kuishi watu waliokuwa watumwa. Nikamjibu, "Hapana, hayo yalikuwa pwani." Nilijiambia namlinda mtu. Lakini mtu mwenyewe alikuwa ameshaondoka, na niliyekuwa namlinda ni mimi.

Zaina nilimwona mara moja tu tena. Tulikuwa wanawake wazima, nchi ilikuwa karibu kupata uhuru. Alikuwa katika foleni ya hospitali mjini, amemleta mtoto wake, na nilimtambua kwa namna alivyonyoosha kidevu. Nilikwenda nikasimama mbele yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale miaka mingi, nikayasema yote, mpaka pamba, mpaka wivu, mpaka mkono. Watu wa foleni walikuwa wanatusikia, sikujali.

Alinisikiliza kama bibi yake alivyomsikiliza Mwalimu siku ile, mpaka mwisho.

"Bibi amefariki," alisema. "Miaka tisa sasa."

"Pole, Zaina. Pole sana."

"Alikuwa akikutaja. Mmeru wangu, Mmeru wangu. Alisema ulikuwa mtoto, na mtoto hana kosa. Aliniapisha nisikuchukie." Akamhamisha mtoto wake kutoka bega hili hadi lile. "Nilimtii bibi yangu katika mambo yote aliyoniambia maishani. Hilo moja tu limenishinda."

Kisha muuguzi akaita jina la mtoto wake, na Zaina akaingia ndani.